Natuma mahali nilipo kwa redio, mbona ramani haionyeshi kitu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia, sekondari moja wilayani Bahi. Nimesoma kuhusu APRS, ule mtandao wa redio za ridhaa unaotuma mahali mtu alipo na hali ya hewa bila kutegemea kampuni ya simu. Nimeweka programu ya APRSdroid kwenye simu, nikaiunganisha kwa waya na redio ndogo ya mkononi ya Kichina, nikaweka masafa ya 144.800 MHz. Redio inatoa makelele kama ya faksi, taa nyekundu inawaka, lakini hii ni wiki ya pili na kwenye ramani ya intaneti sionekani. Nakosea wapi? Je, kituo cha hali ya hewa cha shule kinaweza kupita njia hiyohiyo? Shemeji yangu naye ana malori mawili ya mahindi, anataka tuyafungie.

JIBU: Mwalimu, habari za Bahi.

Nimelisoma swali lako mara mbili nikitafuta neno moja, sikulipata. Umenieleza simu, waya, redio, hata rangi ya taa. Hukusema nani anakusikia. Tatizo lako liko hapo, na lingekuwa hapo hata kama vifaa vyako vingekuwa vya bei mbaya.

Ile ramani ya aprs.fi haisikii redio. Inachora tu kile kilichofikishwa kwenye intaneti na kituo kinachoitwa aigeti, yaani redio inayosikiliza 144.800 usiku na mchana, kompyuta ndogo inayogeuza yale makelele kuwa maandishi, na laini ya intaneti. Kati yako na aigeti anaweza kukaa digipita: huyu hana intaneti, kazi yake ni kuisikia pakiti yako, yaani kile kifungu kimoja cha ujumbe unachorusha, na kuirusha upya akiwa mahali pa juu kuliko ulipo wewe. Mjerumani akiwasha redio kama yako anaonekana ndani ya dakika, kwa sababu jirani asiyemjua ana antena juu ya paa. Huku kwetu kanda ya kati, chukulia hakuna anayesikiliza mpaka umpate kwa jina.

Kwa hiyo jenga sikio kwanza, mdomo utafuata. Wengi huanza kama ulivyoanza wewe, na nusu yao hukata tamaa wakidhani redio ni mbovu. Nakuonya pia kuhusu mtego mmoja: APRSdroid ina njia ya pili, ya kutuma kwa intaneti ya simu bila kugusa redio kabisa. Ukiichagua utaonekana papo hapo, utafurahi, na utakuwa hujajua lolote kuhusu mawimbi yako.

Sasa hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa fizikia. Kwenye masafa haya mawimbi husafiri karibu kama mwanga, yanapinda kidogo tu na umbo la dunia. Kanuni tunayotembea nayo mfukoni ni hii: upeo wa redio kwa kilomita ni 4.12 mara kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita. Redio ikiwa mkononi, mita moja na nusu kutoka chini, upeo wake ni kilomita 5 hivi. Antena juu ya nguzo ya mita 9 pale shuleni inapata kilomita 12 na ushei. Jumlisha hizo mbili: kwenye tambarare tupu, mwanafunzi mwenye redio mkononi na shule watasikilizana mpaka kilomita 17, wakiwa na bahati ya miti michache. Dodoma mjini ni kilomita hamsini na kitu kutoka kwenu. Tena nyie mko chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa. Ukisafiri kwenda Manyoni unaijua ile ngazi ya ardhi inayopanda mpaka Kilimatinde. Pandisha sasa digipita kwenye kilima kinachozidi tambarare kwa mita 225. Kipeuo cha 225 ni 15, upeo unakuwa kilomita karibu 62, na hapo hata redio ya mkononi ya Bahi inaingia.

Usije ukanunua redio ya wati 50 kutatua jambo hili. Wati tano zako zinatosha sana. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinapita kilomita 400 hivi juu ya vichwa vyetu, na kina digipita yake kwenye 145.825 MHz. Watu wamerusha pakiti kwa redio za mkononi kama yako zikasikika huko juu. Redio hiyohiyo inafika angani na haifiki Dodoma, kwa sababu kati yako na anga hakuna kitu, ila kati yako na Dodoma kuna tumbo la dunia.

Lakini kabla ya kutafuta kilima, hakikisha unachokirusha kinasomeka. Pakiti ya APRS ni sauti mbili, ya hertzi 1,200 na ya hertzi 2,200, zinazobadilishana kwa kasi ya biti 1,200 kila sekunde. Pakiti nzima haifiki sekunde moja. Mwishoni hubeba biti 16 za ukaguzi, na biti moja tu ikiharibika kati ya zile mia sita na kitu, mpokeaji anaitupa pakiti nzima kimyakimya. Hakuna wa kukuambia "rudia".

Kwa waya wa simu na redio ndogo, makosa ni yaleyale mawili karibu kila ninapoitwa. La kwanza: redio inaanza kurusha yenyewe inaposikia sauti, lakini inachelewa kuamka, kwa hiyo mwanzo wa pakiti unamezwa. Kwenye APRSdroid ongeza ule muda wa utangulizi kabla ya pakiti. Weka milisekunde 500, ikishindikana panda zaidi. La pili ni sauti kubwa mno. Watu huongeza sauti ya simu mpaka mwisho wakidhani wanasaidia, kumbe mawimbi yanakatwa vichwa na zile sauti mbili zinachakachuliwa. Ishushe mpaka nusu, kisha jaribu. Pia zima kipengele cha kuokoa betri, maana redio inayosinzia na kuamka haiwezi kupokea kitu cha nusu sekunde.

Utajuaje kama umepatia? Ndiyo maana nasema sikio kwanza. Chukua kompyuta yoyote ya shule, hata ile Raspberry Pi iliyolala kabatini, weka programu ya bure iitwayo Direwolf, na uipe sauti kutoka redio ya pili au kile kipokezi cha kuchomeka kwenye USB ambacho watu hutazamia televisheni. Kila pakiti inayosomeka itaandikwa kwenye skrini pamoja na kipimo cha sauti. Lenga karibu na 50. Fanya hivyo redio mbili zikiwa vyumba viwili tofauti, zisigusane. Siku ukiunganisha kompyuta hiyohiyo na intaneti, tayari una aigeti.

Nikugusie leseni hapa, maana hukuitaja na mimi siwezi kuiruka. Kurusha kwenye masafa ya ridhaa kunataka leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, na bila hiyo ni kosa kisheria, hata kama ni wati tano, hata kama ni kwa ajili ya wanafunzi. Ukipewa leseni unapata jina la kituo, yaani koli saini, inayoanza na 5H. Kama kwenye programu umeacha lile neno la kujazia, N0CALL, hata aigeti ikikusikia vizuri, seva za mtandao zitaikataa pakiti yako. Kwa hiyo mpaka barua itoke, acha kurusha. Ukienda kuomba, waulize na utaratibu wa kusikiliza. Kazi ya kujenga sikio inaweza kukushughulisha muhula mzima.

Kwenye hali ya hewa ndiko ninakotaka ukae zaidi. Watu wengi wanaijua APRS kama mfumo wa kufuatilia magari, lakini aliyeubuni hakuuona hivyo. Bob Bruninga, koli saini WB4APR, alikuwa kwenye Chuo cha Jeshi la Majini la Marekani kule Annapolis. Mwaka 1984 alitumia kompyuta ya nyumbani ya VIC-20 kutoa taarifa za mbio za farasi za maili 100: yupi amefika wapi na ana hali gani. Mpaka alipofariki mwaka 2022 alikuwa akiwakumbusha watu kwamba mfumo huu ni wa kumpa kila aliye karibu habari ya kinachoendelea karibu naye sasa hivi, na kwamba nukta ya gari kwenye ramani ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Mstari wa kituo cha hali ya hewa unafanana na huu, nimeuandika kwa mfano wa Dodoma mjini:

5Hxxx-13>APRS,WIDE2-1:!0610.40S/03544.50E_090/008g015t084r000p000h38b10125

Namba 13 baada ya koli saini inaonyesha ni kituo cha hali ya hewa. Gari huvaa 9, redio ya mkononi 7. WIDE2-1 ni ombi kwamba digipita mmoja airudie pakiti hii. Usiombe watatu wala wanne kwa ulafi, utajaza masafa bure. Kinachofuata ni mahali, halafu kistari cha chini kinachoiambia ramani ichore alama ya hali ya hewa. Upepo unatoka nyuzi 090, yaani mashariki, kwa kasi ya maili 8 kwa saa, mikupuo ikifika 15. Joto ni 84, nalo ni la Fahrenheiti, kwetu ni nyuzi 29. Mvua ni sifuri, ya saa moja na ya saa 24, ikihesabiwa kwa sehemu za mia za inchi. Unyevu asilimia 38. Mwisho ni kanieneo ya hewa, hektopaskali 1012.5.

Hapo kwenye mahali ndipo watu hupotea, tena kwa maana halisi. Zile tarakimu ni digrii na dakika. Simu yako ikikuonyesha digrii 6.1730 kusini, ukaandika 0617.30 badala ya 0610.38, umeihamisha shule yako kilomita karibu 13. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha aliandika N badala ya S, na kituo chake cha Dodoma kikaripoti joto la kusini-magharibi mwa Ethiopia siku tatu nzima. Angekosea E akaweka W angeangukia Brazili, upande wa Natal.

Kanieneo ndiyo kosa la pili, na hili ni la kwetu sisi watu wa nyanda za juu. Kipimo chako hupima hewa iliyopo pale kilipo. Dodoma mjini tuko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hupima 890 hivi, nanyi huko bondeni mtapata zaidi kidogo. APRS inataka namba iliyorekebishwa kuwa ya usawa wa bahari. Ukituma 890 ilivyo, mtu anayetazama ramani ataona kimbunga cha kutisha katikati ya Tanzania. Kimbunga Tip cha Pasifiki mwaka 1979, chenye kanieneo ya chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa, kilifika 870. Kwenye programu ya kituo kuna mahali pa kuandika mwinuko. Pajaze.

Kipimajoto kisikae juu ya bati. Nimeona shule imekifunga nusu mita juu ya paa la darasa, saa nane mchana kinasoma nyuzi 41, na waalimu wakakiamini. Kiweke mita moja na nusu kutoka ardhini, kwenye uwanja wenye nyasi, ndani ya kivuli kinachopitisha upepo. Sahani nyeupe za plastiki za kuwekea chini ya vyungu vya maua, ukizitoboa katikati na kuzipanga kwa nafasi, zinafanya kazi nzuri kwa bei ya soda chache. Kipimo cha mvua chenye kijiko kinachopinduka huziba kwa vumbi letu la Agosti, na kinyesi cha ndege humalizia. Mvua ya kwanza ya Desemba inakuja, kijiko kimeganda, nawe unaripoti sifuri watu wakiwa wanavua viatu kuvuka barabara. Kila mwisho wa Novemba kisafishe, kisha ukijaribu na wanafunzi: mdomo wa faneli wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 314, kwa hiyo mililita 314 za maji ni sawa na milimita 10 za mvua. Mimina polepole, kwa muda wa nusu saa, uone kituo kinasema ngapi. Chetu cha kwanza kilisema 7.

Kwa nini nakusukuma huku? Kwa sababu ya Bubu. Mto ule unatoka juu Kondoa ukaishia kwenu, kwenye ziwa la matope la Bahi, na mashamba yenu ya mpunga yanakunywa humo. Kipimo kimoja cha mvua shuleni kwako kinakuambia mvua ambayo tayari imekulowesha. Ukiwa na shule rafiki upande wa Kondoa yenye kipimo kama hicho, na digipita mmoja mahali pa juu katikati, unajua kilichonyesha kule kabla maji hayajafika kwako, hata usiku ambao mnara wa simu umekosa umeme. Ila muwe mnatoa namba tu. Utabiri na tahadhari ni kazi ya TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisheria, nao waulizeni utaratibu kabla ya kuweka kituo. Na kama leseni itachelewa, upo mpango wa kimataifa wa wapimaji wa hiari, CWOP, unaopokea mstari huuhuu kwa intaneti bila redio na bila koli saini. Unajiandikisha, wanakupa namba.

Kuhusu kilima. Utahitaji redio, kompyuta ndogo au kisanduku cha kudhibiti, betri, paneli ya sola na ruhusa ya mwenye eneo, ambayo mara nyingi ni ngumu kuliko vingine vyote. Anza na serikali ya kijiji, nenda na mtu wanayemfahamu. Waya wa antena uwe mnene na mfupi, na uwe na njia ya radi kwenda ardhini. Halafu ziba matundu. Nilipoweka digipita yangu ya kwanza niliacha tundu la waya lenye upana wa kidole gumba, nikajiambia nitarudi wiki ijayo. Nilirudi Machi. Digipita ilikuwa imenyamaza tangu Februari, na nilipoinamia kisanduku nikasikia kinavuma. Nikadhani ni transfoma. Walikuwa nyuki, wamejenga masega mpaka juu ya betri, na asali imeshaingia kwenye soketi ya maikrofoni. Mzee aliyenisindikiza alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniuliza mzinga kama ule nauuza bei gani. Kilichoniuma ni kwamba redio ilikuwa bado nzima. Ila kila mara ilipotaka kurusha, kitufe kilikuwa kimeshikana kwa nta.

Shemeji sasa. Mwambie hapana, na umwambie mapema kabla hajanunua kitu. Redio ya ridhaa, kwa kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ni ya kujifunza na kufanya majaribio bila maslahi ya fedha, na lori la mahindi ni maslahi ya fedha. Hata bila kanuni asingeipenda: hairuhusiwi kuficha maana ya unachorusha, kwa hiyo lori lake likikwama usiku porini, kila mwenye simu ataliona lilipo na limekaa hapo kwa saa ngapi. Anunue kifaa cha GPS cha laini ya simu, kile kinachohifadhi safari mtandao unapokatika na kuituma mbele ukirudi.

Wewe anza na kile ambacho hakisubiri kilima wala shule rafiki. Weka kipokezi kwenye 145.825 MHz, washa Direwolf, tafuta kwenye simu programu inayotabiri mapito ya kituo cha anga. Kinapita kwetu mara kadhaa kwa siku, kila pito likichukua kama dakika kumi, ingawa si kila siku digipita yake imewashwa. Wakati mwingine wanaitumia redio kwa mambo mengine. Toka nje na wanafunzi, antena ya nyaya mbili za sentimita 49 inatosha, msimame mbali na bati. Mkiona mstari wenye RS0ISS na nyota pembeni yake, nyota hiyo maana yake kituo kiliisikia pakiti ya mtu fulani na kuirudisha chini, nanyi mmeidaka. Nitumie mstari huo mzima ulivyo, pamoja na saa mliyoupata.